Zoezi Kwanza, Kompyuta Baadaye: TEHAMA katika Madarasa ya Insia

Mara nyingi TEHAMA huingia katika idara za insia kwa mlango wa manunuzi. Chuo kinanunua kompyuta 40, ubao wa kidijitali na leseni za programu, kisha wahadhiri wa historia, fasihi na falsafa wanaitwa kwenye warsha kuonyeshwa vitufe. Muhula ukianza, ubao unageuka ukuta wa kumulikia slaidi na maabara inarudi mikononi mwa watu wa takwimu. Wakubwa husema wahadhiri wanaogopa mashine. Tatizo hasa ni kwamba hakuna aliyewauliza ni swali lipi la fani yao ambalo kusoma kwa macho peke yake hakulimalizi.

Swali la namna hiyo ndilo lililoanzisha fani yenyewe ya kutumia kompyuta katika insia. Roberto Busa, padri Mjesuiti wa Italia, alikuwa akichunguza dhana ya uwepo katika maandishi ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, akaona kwamba ufunguo umo katika kihusishi kidogo cha Kilatini, "in". Akaandika kwa mkono kadi 10,000, kila moja na sentensi yenye kihusishi hicho au neno linaloambatana nacho. Mwaka 1949 alikwenda kumwona Thomas J. Watson, mkuu wa IBM, kuomba msaada wa mashine za kadi. Matokeo yake, Index Thomisticus, yalichapwa kati ya 1974 na 1980 katika majuzuu 56, yakibeba maneno yapatayo milioni 11. Angalia miaka hiyo. Mashine hazikuwa polepole kiasi hicho. Muda uliliwa na kutoboa kadi, kuzikagua, na kuamua kila umbo la neno liwekwe chini ya kidahizo kipi, yaani neno kuu kama linavyoorodheshwa katika kamusi, na uamuzi huo hufanywa na mtu anayejua Kilatini na falsafa.

Ninachotetea hapa kinatokana na hilo. Maandalizi ya data, ambayo warsha nyingi huyaruka ili zifike haraka kwenye grafu, ndiyo yenye fikra za insia ndani yake. Kozi inayompa mwanafunzi data iliyokwisha kusafishwa humwachia kubonyeza tu.

Kuchagua zoezi

Usianze na kozi mpya. Chukua silabasi uliyonayo, utafute zoezi ambalo tayari linamtaka mwanafunzi alinganishe vitu vingi vya aina moja: barua za mwandishi mmoja, hotuba za bungeni, daftari za ubatizo, matangazo ya magazeti. Wingi ndio unaoipa kompyuta haki ya kuwapo. Shairi la beti nne liache lisomwe kwa sauti darasani kama lilivyosomwa siku zote. Hakuna programu itakayoliongezea kitu.

Kiasi kinachofaa kwa zoezi moja ni nyaraka 50 hadi 300. Zikiwa pungufu ya hapo, mwanafunzi makini atazisoma zote jioni mbili na kukuuliza kwa haki kompyuta ni ya nini. Zikizidi, kikundi kitamaliza muda wote kikisafisha na hakitafika kwenye hoja. Vikundi viwe vya watu watatu. Wawili wakibishana hakuna wa kuamua, na wakiwa wanne mmoja wao hugeuka mtazamaji.

Wiki nne zinatosha. Ya kwanza haina kompyuta kabisa: wanafunzi wasome nyaraka tano kutoka kwenye mkusanyo, kisha kila mmoja aandike utabiri wa sentensi moja unaoweza kukanushwa. "Barua za baada ya vita ni fupi zaidi" ni utabiri. "Vita viliathiri barua" si utabiri. Mhadhiri azikusanye sentensi hizo na kuzihifadhi. Bila utabiri ulioandikwa mapema, grafu yoyote itakayotokea itaonekana kuthibitisha kile kila mtu alichokuwa akikifikiria. Wiki ya pili ni ya kuandaa, ya tatu ya kupima, ya nne ya kuandika insha ya maneno kama 1,200 ambayo msomaji asiyejua programu iliyotumika anaweza kuifuata.

Kabla ya hapo mhadhiri alifanye zoezi zima mwenyewe, kuanzia faili la kwanza hadi insha, akitumia kompyuta mbovu kuliko zote za maabara. Kilichochukua dakika 10 kwenye mashine yake ya ofisini kitachukua nusu saa huko, na ujumbe wa hitilafu atakaoukuta ndio watakaoukuta wanafunzi.

Maneno madogo

Kwa darasa linaloanza, mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni makala za Federalist. Ziko 85, ziliandikwa Marekani mwaka 1787 na 1788 kutetea katiba mpya, na zote zilitoka kwa jina moja la bandia. Waandishi walikuwa Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. Makala 12 kati yake zilibaki na ubishi, Hamilton na Madison wote wakihesabiwa kuwa waandishi. Mwaka 1964 wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walichapisha uchambuzi wa kitakwimu uliozipa zote kwa Madison. Matini yake hayana hakimiliki, yanapatikana bure, na swali linaeleweka kwa mwanafunzi wa fani yoyote.

Uzuri wa mfano huu ni kwamba vipimo vinavyokuja akilini kwanza vinagoma. Urefu wa wastani wa sentensi ni karibu maneno 35 kwa waandishi wote wawili. Maneno mazito kama serikali, mamlaka na wananchi yanafuata mada, si mtu. Kinachowatenganisha ni maneno madogo ambayo mwandishi huyatumia bila kuyawaza. Hamilton anaandika "upon" kama mara 3 katika kila maneno 1,000, na Madison hafiki hata mara 1. Hamilton ana "while", Madison ana "whilst".

Sasa mwache mwanafunzi afungue makala hizo katika Voyant au programu nyingine ya kuchambua matini bila kugusa mipangilio. Programu nyingi za aina hiyo huja na orodha ya maneno ya kupuuzwa, na orodha nyingi za Kiingereza zimejaa vihusishi na viunganishi. Yaani kabla mwanafunzi hajauliza chochote, ushahidi wenyewe umekwisha kufagiwa. Atapata picha ya mawingu ya maneno ikimwonyesha "government", "states" na "people" kwa herufi kubwa, jambo la kweli lisilomsaidia. (Mawingu ya maneno mimi ningeyapiga marufuku katika zoezi la kwanza: neno refu huonekana kubwa kuliko fupi hata yakiwa na idadi sawa, na rangi na mahali pa neno kwa kawaida havina maana yoyote.) Kuizima orodha, kurudia kipimo, na kueleza katika aya moja kwa nini majibu yamebadilika, hilo peke yake ni somo la saa moja linalofundisha mengi kuliko mhadhara juu ya kutopendelea kwa takwimu.

Hatua zake ni chache. Gawa makala katika faili moja moja, kila moja na jina lenye namba ya tarakimu tatu na mwandishi, kwa mfano 010_madison.txt, ili 10 isipangwe kabla ya 2. Faili zilizopakuliwa Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, hubeba maelezo ya mradi na ya leseni mwanzoni na mwishoni. Yakate, la sivyo Hamilton atahesabiwa maneno ya wanasheria wa karne nyingine. Pia kagua makala namba 70, kwa maana katika faili linalotumika sana imo mara mbili, katika matoleo yanayotofautiana kidogo. Kisha fungua folda katika AntConc, programu ya kutafuta na kuhesabu maneno ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti, tafuta neno, usome idadi kwa kila faili. Gawa idadi hiyo kwa jumla ya maneno ya faili, zidisha kwa 1,000.

Kosa ambalo hurudi kila muhula ni kulinganisha idadi ghafi. Hamilton ana makala 51, Madison peke yake 14, kwa hiyo Hamilton ataongoza kwa kila neno utakalolitaja. Kosa la pili ni jembamba zaidi. Katika makala ya maneno 2,000 tungetarajia "upon" mara 6 kwa Hamilton, na mara 0 au 1 kwa Madison. Mwanafunzi akikuta 1 katika makala yenye ubishi, asitangaze ushindi. Aulizwe ni maneno mangapi mengine anayahitaji kabla ya kusimama mbele ya hakimu. Mosteller na Wallace walitumia mengi, wala hawakulitegemea moja.

Kutoka ukurasa hadi matini

Wengi hawatakuwa na bahati ya matini yaliyokwisha kuchapwa. Kurasa za kawaida ziskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi. Herufi ndogo za magazeti ya zamani zinataka 400. Simu janja inafaa pia, mradi kamera iwe sambamba na karatasi na mwanga utoke pande mbili. Mwanga wa upande mmoja huacha kivuli kwenye mkunjo wa kitabu, na hapo ndipo programu ya kutambua herufi hupoteza mistari mizima. Tesseract, mojawapo ya programu hizo, ni ya bure na inafanya kazi vizuri kwa chapa safi. Mwandiko wa mkono, na miswada ya zamani ya hati za Kiarabu, usiiingize humo ukitegemea muujiza.

Usidanganywe na asilimia. Usahihi wa herufi wa asilimia 98 unasikika vizuri, lakini ukurasa wenye herufi 2,000 utakuwa na makosa 40. Yakiangukia maneno tofauti katika ukurasa wa maneno 350, neno moja kati ya kila tisa limeharibika. Makosa yenyewe hayatawanyiki ovyo. Katika vitabu vya Kiingereza vya kabla ya 1800 hivi, ile s ndefu husomwa f, na "best" ikawa "beft". Mwanafunzi anayefuatilia neno kwa karne mbili ataona "limezaliwa" ghafla mwanzoni mwa karne ya 19, kumbe ni wachapaji waliobadili herufi. Kila kikundi kichague kurasa tano kwa bahati nasibu, kihesabu makosa kwa mkono, na kiandike kiwango hicho ndani ya insha. Makosa yakizidi maneno 5 kwa 100, warudi kuskani au wasahihishe kwanza.

Usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyohifadhi kila herufi kama namba, ni adui mwingine. Hifadhi kila kitu katika UTF-8, usimbaji wa kisasa unaobeba herufi za lugha zote. Ukiona "é" imegeuka "Ã©", faili liko salama, ila programu imelisoma kwa usimbaji wa zamani. Usianze kusahihisha herufi moja moja. Hili hutokea sana mtu anapobonyeza faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama matini tupu) mara mbili likafunguka katika Excel. Fungua Excel tupu, ingia sehemu ya data, leta faili kama matini na uchague UTF-8. Atakayefungua vibaya kisha akabonyeza hifadhi, huyo ndiye anayeharibu kweli, na kikundi chake kishukuru kama nakala ya awali ipo.

Kuna jambo ambalo miongozo mingi hulisahau kwa sababu imeandikwa na watu wa Kiingereza. Programu ya kuhesabu maneno hutambua neno kwa nafasi tupu iliyo kushoto na kulia kwake. Kwa lugha ambishi bainishi, inayopachika viambishi kwenye mzizi wa neno, kama Kiswahili, "anasoma", "walisoma", "hatukusoma" na "kusomewa" ni maneno manne yasiyojuana, na kitenzi kinachotawala riwaya nzima kinaweza kukosekana katika maneno 100 ya juu. Kutafuta kwa kinyota, *som*, kutakamata maumbo yote hayo, pamoja na "msomi", "somo" na "Somalia". Mwanafunzi lazima aipitie orodha aamue kipi kinabaki. Je, "msomi" ni sehemu ya swali lake? Anayeuliza juu ya tendo la kusoma atasema hapana, anayeuliza juu ya hadhi ya elimu atasema ndiyo, na wote wawili watakuwa sahihi. Uamuzi uandikwe. Kwa sababu hiyohiyo, kulinganisha "utajiri wa msamiati" wa riwaya ya Kiswahili na tafsiri yake ya Kiingereza kwa kuhesabu maumbo tofauti ni kupima mofolojia ukidhani unapima kipaji.

Tarehe, majina na ramani

Wanahistoria hukutana na lahajedwali kabla ya kitu kingine chochote, na lahajedwali huwasaliti kwenye tarehe. Kalenda ya Excel ya kawaida inaanzia tarehe 1 Januari 1900. Tarehe yoyote kabla ya hapo inabaki matini tu, kwa hiyo barua ya 1899 na ya 1901 katika safu moja ni vitu vya aina mbili, na ukipanga safu hiyo zitatengana kwa utaratibu usioeleweka. Zaidi ya hayo, Excel inaamini kwamba tarehe 29 Februari 1900 ilikuwapo, kosa lililobebwa makusudi ili ipatane na programu ya zamani ya Lotus 1-2-3.

Dawa ni kutotumia umbo la tarehe kabisa. Weka safu tatu, mwaka, mwezi na siku, zote namba. Ongeza safu ya nne yenye tarehe kama ilivyoandikwa kwenye waraka wenyewe, na ya tano ya kiwango cha uhakika: imeandikwa, imekisiwa, haijulikani. Seli tupu iwe na maana moja tu. Mwanafunzi akiweka 1 kwenye siku kwa sababu hakuijua, baada ya wiki mbili grafu itaonyesha kwamba watu waliandika barua nyingi mno tarehe mosi.

Hapo darasa liko tayari kuzungumzia kalenda. Uingereza iliacha kalenda ya zamani ya Juliasi na kuhamia ya Gregori, tunayoitumia leo, mwaka 1752, ambapo tarehe 2 Septemba ilifuatwa na 14 Septemba. Urusi ilihama mwaka 1918, 31 Januari ikafuatwa na 14 Februari. Na kabla ya mabadiliko ya Uingereza, mwaka wa kisheria huko ulianza 25 Machi, kwa hiyo barua ya Februari 1700 kwa mwandishi wake ni ya Februari 1701 kwetu. Lahajedwali halina safu ya haya mpaka mtu aiunde. Ndiyo maana nasema kazi ya kuunda safu ni kazi ya mwanahistoria, isiachiwe msaidizi wa maabara.

Majina ya watu yasafishwe kwa OpenRefine, programu ya kusafisha majedwali. Njia yake rahisi ya kukusanya majina yanayofanana hugeuza herufi zote kuwa ndogo, huondoa alama, na kupanga maneno kialfabeti, hivyo "Hamilton, Alexander" na "Alexander Hamilton" yanakutana. Inapendekeza tu, mtu ndiye anayekubali. Baba na mtoto waliopewa jina moja wataunganishwa kwa kubonyeza mara moja, na mtu wa familia atakuwa ameandika barua kwa miaka 90. Ongeza safu ya namba ya utambulisho kabla ya kuunganisha, na usifute kamwe jina kama lilivyo kwenye chanzo.

Ramani huvutia sana na hukosewa kwa njia zilezile chache. Faili za GeoJSON, zinazohifadhi mahali pa vitu kwenye ramani, huandika longitudo kwanza, ilhali ramani nyingi za mtandaoni humwonyesha mtu latitudo kwanza. Ukizigeuza, mji unatua baharini au bara jingine. Nukta zikijikusanya Ghuba ya Guinea, nje ya pwani ya Afrika Magharibi, seli tupu zimesomwa kama sifuri na sifuri. Ukitaka kulaza ramani ya zamani juu ya ya kisasa katika QGIS, programu ya ramani, hesabu inahitaji angalau pointi 3 zinazolingana katika ramani zote mbili kwa mgeuzo (kanuni ya kuinyoosha ramani) wa daraja la kwanza, 6 kwa la pili, 10 kwa la tatu. Weka zaidi ya kiwango hicho na uzisambaze hadi pembeni, kwa sababu pointi zilizorundikana katikati huacha kingo za ramani zikijikunja. Makutano ya barabara na majengo ya ibada ya zamani yanaaminika. Kingo za mito hazifai, mito huhama.

Sauti

Kwa historia simulizi, rekodi katika WAV, muundo wa sauti usiobanwa, ya 48 kHz na biti 24. Saa moja ya chaneli moja inachukua karibu MB 518, ya stereo kidogo zaidi ya GB 1. Nakala ya kusikilizia ya MP3 kwa kbps 128 ni MB 58 hivi. Hesabu hizi zifanywe kabla ya kutangaza zoezi, kwa sababu seva ya kozi inaweza kukataa faili: mipangilio ya awali ya PHP, lugha ya programu ambayo Moodle (mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni) inaitegemea, huruhusu kupakia MB 2 tu mpaka msimamizi aibadilishe. Kunakili saa moja ya mazungumzo kwa maandishi huchukua saa nne hadi sita kwa mtu aliyezoea. Programu zinazonakili zenyewe hupunguza muda huo, lakini kwenye ukimya au kelele zinaweza kubuni sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema, na sentensi hizo zina sarufi safi kuliko za msimulizi. Kila nakala isikilizwe tena mwanzo hadi mwisho na mtu.

Akili mnemba

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, swali la kwanza la kila mhadhiri ni jinsi ya kuwakamata wanafunzi wanaoiachia iwaandikie. Programu za kugundua maandishi ya mashine haziaminiki kiasi cha kumhukumu mtu. Hata OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, iliiondoa yake Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Ningependa nguvu hizo ziende kwenye mazoezi ambayo mashine ni kitu cha kuchunguzwa.

Moja linalofaa sana: chukua barua 50. Wanafunzi wawili, kila mmoja peke yake, waamue kama kila barua ina malalamiko au haina. Kisha mashine ipewe barua hizohizo na maelekezo yaleyale. Tuseme wanafunzi wamekubaliana barua 40, sawa na asilimia 80. Inaonekana nzuri. Lakini kama kila mmoja amesema "ndiyo" kwa barua 40 kati ya 50, basi hata wangejibu kwa kubahatisha kwa uwiano huo wangekubaliana asilimia 68 ya wakati: 0.8 mara 0.8, jumlisha 0.2 mara 0.2. Kipimo cha kapa cha Jacob Cohen, cha mwaka 1960, huondoa bahati hiyo: 0.80 toa 0.68, gawa kwa 0.32, unapata 0.375. Ni makubaliano hafifu. Darasa linarudi kwenye barua 10 za ubishi na kugundua kwamba halijakubaliana lalamiko ni nini. Je, ombi la msaada ni lalamiko? Kejeli? Mashine nayo ilijibu kwa ujasiri bila fasili hiyo, na mtu asiyekuwa amefanya kazi kwa mkono asingejua kwamba fasili inakosekana.

Kwa insha za kawaida, inatosha kudai kila rejeo liwe na ukurasa na mahali nakala ilipoonwa, kisha ukague matatu kwa kila insha. Marejeo ya kubuni huonekana haraka: mwandishi yupo, jarida lipo, makala haipo.

Alama na mambo ya maabara

Gawa alama hivi: 50 kwa tafsiri na hoja, 30 kwa data pamoja na daftari la maamuzi, 20 kwa utaratibu ambao kikundi kingine kinaweza kuurudia. Daftari la maamuzi ni faili la matini lenye tarehe, kilichoamuliwa, sababu, na kilichokataliwa. Usitoe alama kwa uzuri wa grafu. Ukitoa, muda wote utakwenda kwenye rangi. Matokeo yanayokanusha utabiri yapate alama sawa na yanayouthibitisha, na hili litangazwe siku ya kwanza, kwa maana mwanafunzi anayehofia alama hupinda data bila kujua.

Mtandao uhesabiwe. Wanafunzi 40 wakipakua faili la MB 50 kwa pamoja ni megabiti 16,000. Kwa laini ya Mbps 20 iliyo wazi kabisa hizo ni sekunde 800, zaidi ya dakika 13, na laini haiwi wazi kabisa. Weka data na programu kwenye flashi tano zinazozunguka, au kwenye seva ya ndani. Voyant nayo ina toleo linaloendeshwa kwenye kompyuta yako. Programu ziwekwe na fundi wiki moja kabla, kwa sababu akaunti ya mwanafunzi kwa kawaida haina ruhusa ya kusakinisha. Na usimtake mwanafunzi afungue akaunti kwa kampuni ya nje kwa jina lake halisi kama sharti la kupata alama.

Kazi nzuri zihifadhiwe kwa miundo isiyotegemea kampuni moja: TXT, CSV, TIFF, PDF/A. Flash, programu ya kuonyesha michoro na video kwenye kurasa za mtandao iliyobeba maonyesho mengi ya kihistoria na masomo ya lugha, ilikomeshwa na Adobe tarehe 31 Desemba 2020, na kurasa zilizoitegemea zikabaki na kisanduku cheusi. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa jengo jingine. Kabla ya kuweka kazi yoyote hadharani, mwanafunzi asaini ridhaa inayotaja mambo mawili kwa wazi: jina lake litaonekana au la, na nani wa kumwandikia akitaka kazi iondolewe. Ridhaa hiyo ichukuliwe baada ya alama kutoka. Kabla ya hapo hakuna atakayethubutu kukataa.